Kunasa Mazungumzo ya Watu Walio Mbali: Mfano wa Kilwa Kisiwani

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio na kuvijadili. Sauti ilitoka mtamboni Dar es Salaam ikaenda vijijini. Sauti ya mwanakijiji, kwa upande wake, haikuwa na mtambo wa kuirudisha. Leo mtambo huo upo, nao ni simu ya mkononi. Kipindi kinachotengenezwa kwa njia hiyo na kuwekwa katika intaneti, ili msikilizaji akichukue na kukisikiliza wakati autakao, huitwa podikasti. Jina hilo lilionekana kwanza mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, likiwa limeundwa kwa kuunganisha jina la chombo kiitwacho iPod na neno la Kiingereza lenye maana ya utangazaji.

Katika makala haya tutaeleza jinsi watu walio mahali mbalimbali wawezavyo kutengeneza kipindi kimoja bila studio na bila fedha nyingi. Tuchukulie kwamba wanafunzi watatu wamekubaliana kufanya kazi hiyo. Wa kwanza yuko likizoni Kilwa Kisiwani kwa babu yake, aliyekuwa nahodha. Wa pili yuko Lindi mjini, na wa tatu Dar es Salaam. Wanataka kipindi cha nusu saa juu ya majina ya pepo na nyota ambayo manahodha wa pwani ya kusini waliyatumia kusafiria.

Magofu ya Kisiwani yamechimbwa, yamepimwa na kuandikiwa vitabu. Tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mawe hayo yatakuwapo mwakani. Mzee wa miaka themanini hana dhamana hiyo, na hata akiwapo, hatasimulia mara ya pili kwa uchangamfu wa mara ya kwanza. Kwa hiyo kosa la kiufundi katika kazi hii si jambo dogo.

Simu si kinasa sauti cha mwenzako

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kupiga simu na kunasa yale yanayosikika. Njia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na sababu yake ni ya kifizikia. Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia kama hezi 20 hadi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida tangu zamani ilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, kwa kuwa hizo zatosha maneno kueleweka. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya sauti kama s na f iko juu ya kiwango hicho. Ndiyo maana katika simu ya namna hiyo ni vigumu kutofautisha “fisi” na “sisi” kama hakuna maneno mengine ya kukusaidia kubahatisha. Katika sentensi ya kawaida hubahatisha bila kujua. Katika jina la nyota ambalo hujapata kulisikia, utabahatisha nini?

Mazungumzo yanayopita katika intaneti yanaweza kuwa na sauti pana zaidi, lakini yana ugonjwa mwingine. Sauti hukatwa vipande vidogo, na kila kipande husafirishwa peke yake. Mtandao ukiwa dhaifu, vipande vingine hupotea au huchelewa, na programu huziba pengo kwa kukisia. Tunasikia sauti ikiwa kama ya mtu azungumzaye ndani ya mtungi. Kilichopotea njiani hakiwezi kurudishwa na mhariri yeyote.

Dawa yake ni rahisi: kila mzungumzaji anaswe hapohapo alipo, kwa chombo kilicho mbele yake, na simu itumike kwa kusikilizana tu. Baadaye vipande vya sauti hukusanywa na kuunganishwa. Watangazaji wa redio walifanya hivyo tangu enzi za tepu: mwandishi alizungumza na mgeni wake kwa simu, huku kila upande ukiwa na kinasa sauti chake. Mtandao ukikatika kwa dakika nzima, mazungumzo yataharibika lakini sauti iliyonaswa haitaharibika.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa maana simu nyingi za kisasa haziruhusu programu ya kunasa itumie maikrofoni wakati simu hiyohiyo inatumika kuzungumzia. Mtu hugundua baada ya saa nzima kwamba amenasa ukimya. Yafaa basi kila mahali pawe na simu mbili, moja ya kuazima ikibidi. Ya kwanza ni ya kuzungumzia, nayo iwe na spika za masikioni zenye waya, ili sauti za wenzako zisivuje na kuingia katika maikrofoni yako. Ya pili ni ya kunasa, na mawasiliano yake yote yazimwe ili isilie katikati ya kazi. Tena simu hizo zisilazwe pamoja. Simu inayotumia mtandao wa GSM wa kizazi cha pili hurusha mawimbi kwa vishindo kama 217 kila sekunde, na vishindo hivyo huingia katika nyaya za vyombo vya sauti vilivyo jirani kama mngurumo wa kukatikakatika. Walio na redio za zamani wanaufahamu mngurumo huo vizuri.

Nyumba ya makuti yaishinda ya mawe

Maikrofoni ya simu ni bora kuliko watu wanavyoidhani. Inayoiangusha ni umbali. Nguvu ya sauti hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kwa hiyo ukiisogeza simu kutoka sentimita 60 hadi sentimita 15 mbele ya mdomo, sauti ya moja kwa moja huongezeka mara 16, yaani desibeli 12 hivi, ilhali mwangwi wa chumba na kelele za nje hubaki karibu vilevile. Hakuna chombo cha kununua dukani kinacholeta faida kama hiyo bure. Simu iwekwe kidogo kando ya mdomo, si mbele kabisa, ili pumzi ya herufi p na b isiipige.

Mwanafunzi wetu aliye Kisiwani atashawishika kumketisha babu yake ndani ya Gereza au chini ya kuba za Msikiti Mkuu. Picha itapendeza, sauti itaharibika. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa ni ngumu, nazo hurudisha sehemu kubwa ya sauti izifikiayo. Kuba ni mbaya zaidi, maana umbo lake huikusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja kama kioo cha mbonyeo kikusanyavyo mwanga. Darasa lenye sakafu ya saruji na paa la bati lina kasoro hiyohiyo, bila kutaja mvua. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa makuti yafaa kuliko hizo zote. Sauti huingia katika matundu yasiyohesabika ya makuti, na nguvu yake huishia humo kwa msuguano na kugeuka joto kidogo sana. Mikeka sakafuni na godoro likisimamishwa ukutani vitaongeza faida. Khanga ni nyepesi mno kwa kazi hiyo.

Kuna na upepo. Kusi ikivuma, kibaraza kinachoelekea baharini hakifai. Upepo ukipita juu ya tundu la maikrofoni hufanya mivurugiko midogo ya hewa ambayo husikika kama ngurumo. Sifongo au kitambaa kizito kikizungushwa juu ya tundu hilo huvunja mivurugiko na kuacha sauti ipite. Hata hivyo, sauti ya mawimbi kwa mbali si adui. Binafsi ningenasa dakika mbili za ufuko peke yake, bila mtu kusema, ili mhariri awe nazo.

Kuchelewa kwa sauti, na adabu

Kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 300. Mwanga husafiri ndani ya uzi wa kioo kwa mwendo wa karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo ingechukua sekunde 0.0015 tu. Lakini katika mazungumzo ya intaneti sauti huchelewa sehemu kadhaa za kumi za sekunde. Kuchelewa huko hakutokani na umbali. Sauti hukusanywa kwanza kuwa vipande, vipande hupanga foleni katika mitambo, kisha chombo kinachopokea huviweka akiba kidogo ili vilivyochelewa vipate kufika. Mtandao ukiyumba zaidi, akiba huongezwa, na kuchelewa nako huongezeka.

Sasa tazama matokeo yake. Mzee ametua kidogo kupumua, kama wasimuliaji wafanyavyo. Kijana aliye Dar es Salaam anasikia ukimya, anadhani habari imekwisha, anauliza swali jipya. Swali lafika wakati mzee ameshaendelea. Huko Kisiwani imesikika kwamba mtoto amemkatiza mkubwa wake kauli. Baada ya mara tatu mzee ataanza kutoa majibu mafupi, na kipindi kimekufa. Kwa sababu hiyo ni bora mjukuu aliyeketi naye, ambaye hachelewi, ndiye aulize maswali yote. Wa Lindi na wa Dar es Salaam wamwamkie mzee mwanzoni, kisha wamtumie mjukuu maswali yao kwa maandishi, na mazungumzo yao wenyewe wayafanye baada ya mzee kumaliza. Mzee naye aelezwe tangu awali kwamba sauti yake itasikika na watu asiowajua, na aulizwe kama aridhia.

Kuunganisha

Kabla ya kuanza, kiongozi ahesabu “moja, mbili, tatu”, na kila mmoja apige kofi moja mbele ya kinasa sauti chake. Kofi huonekana katika kompyuta kama msumari mrefu, nayo misumari hiyo ndiyo hupangwa pamoja. Programu ya Audacity, ambayo hupatikana bure tangu mwaka 2000, yatosha kwa kazi hii. Kofi la pili lipigwe mwishoni, maana fuwele ndogo zinazoongoza saa za ndani ya simu hazilingani kabisa. Saa mbili zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, baada ya nusu saa tofauti itakuwa sekunde 0.09, na sikio halitalalamika. Baada ya saa mbili itakuwa sekunde 0.36, na kicheko kitaanza kutangulia mzaha.

Mmoja azungumzapo, sauti za wengine zizimwe katika programu. Kelele za vyumba vitatu, zikiwa na nguvu sawa, hujumlishwa na kupanda kwa karibu desibeli 5. Mapengo yaliyoletwa na mtandao yaweza kufupishwa bila hofu. Mapengo ya mzee yasiguswe. Wala matamshi yake ya Kimgao yasirudiwe na mtu mwingine kwa Kiswahili cha shuleni. Afadhali msimulizi aeleze neno gumu baadaye.

Limebaki suala la kusafirisha sauti hizo hadi kwa mhariri. Sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikichukua baiti 2, dakika moja ni megabaiti 5.76, na nusu saa ni megabaiti 172.8. Kwa mwenye kifurushi kidogo cha intaneti huo ni mzigo. Ikibanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, nusu saa hiyohiyo huwa megabaiti 14.4, na kwa msikilizaji yatosha. Kwa mhariri haitoshi, kwa kuwa kila kubana kwa namna hiyo hutupa kitu, na kipindi kitabanwa tena mwishoni. Mbano wa FLAC hautupi chochote, lakini hupunguza ukubwa hadi karibu nusu tu. Njia ya nne yafaa isidharauliwe: kadi ya kumbukumbu itiwe ndani ya bahasha, ivushwe kwa mashua hadi Kilwa Masoko, na ipelekwe Dar es Salaam kwa basi. Nakala moja ibaki katika simu ya mjukuu hadi mhariri athibitishe kwamba amefungua faili na kuisikiliza mpaka mwisho.

Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: kadi yenye gigabaiti 32 ikisafiri na basi kwa saa sita, ni megabiti ngapi zinazopita kwa wastani katika kila sekunde ya safari? Jibu lilinganishwe na mwendo wa intaneti uliopo shuleni.