Mackay maana yake ‘mwana wa Aodh’: safari ya jina la Kiskoti hadi kusini mwa Ziwa Victoria

Ukifika Nkoma, huko Itilima ambako zamani kulihesabiwa Bariadi, mzee asiyekufahamu hana haraka na jina lako. Anataka kujua kwanza wewe ni ng'wana nani. Mwana wa nani? Ukishamtajia baba na babu, hapo ndipo anakukaribisha kiti.

Sasa kumbe Waskoti nao walikuwa hivyo hivyo. Yale majina yao yanayoanza na “Mac” au “Mc” ambayo unayaona kwenye mpira na kwenye sinema, hiyo “Mac” ni neno la Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu za Uskoti. Maana yake ni mwana wa. Yaani ni “ng'wana” yao.

Tuchukue jina moja, Mackay, kwa sababu lina historia na huku kwetu.

Mackay wa Usambiro

Alexander Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, baba yake akiwa mchungaji. Alisomea uhandisi Edinburgh, akafanya kazi Ujerumani, kisha mwaka 1876 akafika Zanzibar akiwa mmisionari wa CMS. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa njia kutoka Saadani, pwani, kwenda Mpwapwa. Novemba 1878 akaingia Buganda kwa Kabaka Mutesa.

Huyu hakuwa mhubiri wa maneno tu. Alifua chuma, alijenga, alipiga chapa kurasa za Injili kwa Kiganda. Watu wakampa jina la Mzungu wa kazi. Mwaka 1887, wakati wa Kabaka Mwanga, aliondolewa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria. Stanley alimkuta hapo mwaka 1889. Februari 1890 Mackay alikufa kwa malaria akiwa na umri wa miaka 40. Alizikwa hapo hapo Usambiro, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Namirembe, Kampala.

Hiyo ni safari ya mtu mmoja. Safari ya jina ni ndefu zaidi.

Aodh alikuwa nani?

Kwa Kigaeli jina ni Mac Aoidh, yaani mwana wa Aodh. Aodh ni jina la kale sana la mwanaume, na maana yake ni moto. Usihangaike na herufi, matamshi yake kwa Kiswahili ni kama “Makai”.

Jina hilo hilo la Aodh lilitumika pia Ireland, na makarani Waingereza walipoanza kuliandika kila mmoja aliandika alivyosikia. Ndiyo maana leo kuna Mackay, McKay, McKee, Magee na hata McCoy wa Marekani. Yote yametoka kwenye “mwana wa Aodh”. Lakini hawa si lazima wawe ndugu, kwa sababu akina Aodh walikuwa wengi, na kila mmoja aliweza kuacha watoto walioitwa kwa jina lake. Ni kama kudhani kila anayeitwa Mabula ni wa nyumba moja, wakati mvua inanyesha kila mwaka na watoto wanazaliwa.

Zamani jina lilibadilika kila kizazi

Hapa ndipo panapofanana zaidi na sisi. Mskoti wa nyanda za juu aliitwa, kwa mfano, Iain mac Dhòmhnaill mhic Aoidh: Iain mwana wa Dòmhnall mwana wa Aodh. Jina lake, la baba, la babu. Binti hakuitwa “Mac”, aliitwa “Nic”, yaani binti wa.

Linganisha na kwetu. Mtu anaitwa Kulwa Mabula Masanja. Akimzaa Shija, mtoto ataandikwa Shija Kulwa Mabula. Masanja ameondoka kwenye karatasi. Akija mjukuu, Mabula naye anaondoka. Vizazi viwili tu, na babu amebaki kwenye vichwa vya wazee.

Kwa Waskoti mtindo huo uliendelea sehemu nyingi za nyanda za juu hadi karne ya 18. Kilichougandisha ni karatasi: daftari la kanisa, mkataba wa shamba, orodha ya askari. Karani alitaka jina moja la mwisho, na watu wengi wakachukua jina la ukoo wa chifu waliyeishi chini yake, hata wasio wa damu yake. Mpangaji aliyekaa kwenye ardhi ya Mackay akawa Mackay. Hili huwa linawaudhi wanaotafuta asili yao wakitumaini kukuta damu ya kichifu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kondoo wakaingia, watu wakatoka

Nchi ya ukoo wa Mackay ilikuwa kaskazini kabisa mwa Uskoti, bonde la mto Naver, kule wanakoita Strathnaver. Chifu wao Donald Mackay alikusanya maelfu ya askari mwaka 1626 kwenda kupigana vita vya Ulaya upande wa Denmark, na mwaka 1628 akapewa cheo cha Lord Reay. Vita vikaleta heshima na madeni. Kidogo kidogo ardhi ikauzwa, na mwaka 1829 iliyobaki ikaenda kwa familia ya Sutherland, matajiri wa jirani.

Hao Sutherland walikuwa wamekwisha kupiga hesabu zao mapema: kondoo wa sufu wanalipa kuliko wakulima wadogo wenye ng'ombe wachache. Mwaka 1814, na tena kwa ukubwa zaidi mwaka 1819, watu wa Strathnaver waliondolewa. Paa za nyumba zilichomwa moto ili wasirudi. Msimamizi mmoja, Patrick Sellar, alishtakiwa mwaka 1816 mjini Inverness na akaachiwa huru. Waliofukuzwa walipewa vipande vya ardhi ya mawe ufukweni, wakaambiwa wajifunze kuvua samaki. Wengi wakapanda meli.

Msomaji wa Simiyu huenda hapa akawakumbuka ndugu waliohama na mifugo kwenda Rukwa, Katavi, Mbeya hadi Morogoro, na yale ya mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa Ihefu kwenye bonde la Usangu na wengi wakaelekea Lindi. Si kisa kimoja. Uskoti watu walitolewa mifugo iingie, Ihefu walitolewa pamoja na mifugo yao, sababu ikitajwa kuwa ni maji ya Ruaha. Ila mtu aliyeko barabarani na watoto na mzigo haoni tofauti kubwa.

Walitawanyika wapi?

Canada, hasa Nova Scotia. Huko alizaliwa mwaka 1810 Donald McKay, ambaye baadaye alijenga meli Boston. Meli yake ya Flying Cloud ya mwaka 1851 ilisifika kwa mbio. Australia kuna mji mzima unaitwa Mackay, huko Queensland, kwa jina la John Mackay, mzaliwa wa Inverness aliyefika eneo hilo mwaka 1860. Wengine walikwenda New Zealand.

Kuna na tawi lililohamia Uholanzi kama maofisa wa jeshi, likabaki huko. Na hapa ndipo jambo linalonishangaza mpaka leo: Februari 1890, siku Alexander alipokuwa anakata roho Usambiro, waziri mkuu wa Uholanzi aliitwa Æneas Mackay, na gavana wa Bombay, mji ambao wafanyabiashara wake walijaa Zanzibar, alikuwa Donald James Mackay, Lord Reay wa 11, naye mzaliwa wa tawi hilo la Uholanzi. Jina moja, watu watatu, mabara matatu.

Kwa nini wao wanaweza kufuatilia?

Kwa sababu jina liliganda na daftari likabaki. Mtu wa Canada anayeitwa Mackay anaweza kurudi nyuma kutoka cheti hadi cheti, mpaka kwenye orodha ya wapangaji wa Strathnaver.

Kwetu kumbukumbu ziko kwingine. Angalia majina ya vijiji vya Itilima: Mwamapalala, Mwaswale, Mwamtani. Mengi ya haya ya “Mwa” maana yake ni “kwa fulani”, yaani mtu aliyefungua sehemu hiyo au aliyejulikana hapo. Kisukuma kimewaweka mababu kwenye ardhi badala ya kwenye karatasi. Ukihamia Mpanda, ardhi hubebi.

Na karatasi nazo sasa zinatugandisha bila mpangilio. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cheti cha darasa la saba mwalimu kaandika mawili tu, kitambulisho cha NIDA kina la ukoo. Watatu hao ni mtu mmoja, lakini dirisha la mafao au la mirathi halimjui hata mmoja. Ndipo unapoanza safari ya kiapo kwa wakili, na kama unabadili jina kabisa, hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Kwa hiyo kama mzee yupo, muulize jioni hii hii. Mwambie ataje baba, babu, baba wa babu, na walikotoka kabla ya Nkoma. Simu uliyoshika inarekodi sauti.