Kiraka kwenye Tanga

"Mwanangu, ivute basi niuone mkono wangu ulivyoshika demani, kamba ya tanga."

Mzee alikuwa ameinama mbele ya kompyuta yangu, shati lake bado linanuka chumvi. Asubuhi ile nilisimamisha simu ufukweni juu ya stendi ya miguu mitatu nikarekodi ngalawa zikishindana mbali kidogo, na yake ilikuwa ile yenye tanga jeupe lililotiwa kiraka cha buluu. Kwenye skrini haikuzidi kidole gumba.

"Subiri kidogo, nahodha," nikamwambia. Kidogo hicho kilichukua alasiri nzima.

Je, wajua kwamba programu ya kuhariri video haivuti kitu chochote karibu? Lenzi ndiyo huvuta, tena wakati wa kurekodi. Programu yenyewe hukata. Inachagua kidirisha ndani ya picha, inatupa kilichobaki, kisha inakitanua kidirisha hicho mpaka kijaze skrini. Simu yangu ilirekodi kwa kipimo kiitwacho 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, jumla zaidi ya milioni 8. Video ya kawaida ya HD ina 1920 kwa 1080, zaidi kidogo ya milioni 2. Kwa hiyo naweza kukata robo ya picha, nikavuta mara mbili, na hakuna atakayelalamika. Nikivuka hapo, programu inaanza kukisia: kila pikseli mpya inapewa rangi kwa kuchanganya rangi za majirani zake, wanne au 16 kutegemea mbinu. Ni mchuzi ulioongezwa maji. Sufuria imejaa, nyama ni ileile.

Mzee akiwa amekaa shikio, urefu wake kwenye video ulikuwa pikseli 60 hivi. Mkono wake, sita au saba. Na alikuwa hatulii.

Kitu kilichosimama hukatwa mara moja, kazi ikaisha. Ngalawa inakwenda, na sekunde 10 za video yenye fremu 25 kwa sekunde ni fremu 250, kila moja inataka kidirisha chake mahali pake. Njia ya zamani ni kutia alama kwenye fremu kuu: hapa kidirisha kiwe kulia, pale kiwe kushoto, katikati ijaze programu. Mtindo huu umetoka kwenye katuni za kuchorwa kwa mkono. Katika studio kama ya Disney, wachoraji wakubwa walichora mikao mikuu, wasaidizi wakajaza ya katikati. Siku hizi msaidizi ni kompyuta. Shida ni kwamba yeye huunganisha alama mbili kwa mstari ulionyooka, na bahari haina mistari ya namna hiyo. Wimbi likaiinua ngalawa, mzee akatoka kwenye kidirisha. Nikaongeza alama ya tatu, ya nne, ya kumi. Nilipocheza video, picha ilikuwa inarukaruka kama punda aliyeumwa na nzi.

Hapo ndipo nilipomwita mfuatiliaji. Hiki ni kifaa kidogo ndani ya programu: unaweka kisanduku juu ya sehemu ya picha, nacho kinaitafuta sehemu hiyo fremu baada ya fremu. Chimbuko la mbinu nyingi za aina hii ni kazi ya Bruce Lucas na Takeo Kanade wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1981. Wao hawakuwa wakihariri video. Walitaka kulinganisha picha mbili za kitu kimoja zilizopigwa kutoka pembe mbili, ili mashine ipime umbali jinsi macho yetu mawili yanavyopima. Wazo lao ni jepesi: chukua kipande kidogo, kisogeze taratibu juu ya picha ya pili, simama pale ambapo tofauti ya mwanga ni ndogo kabisa.

Lakini si kila kipande kinafuatika. Jaribu hivi: toboa tundu dogo kwenye karatasi, iweke juu ya pindo la kikoi lenye mistari, kisha mwenzako akivute kikoi kwa kufuata mistari. Kikoi kinakwenda, wewe huoni kitu. Mfuatiliaji ana macho ya tundu hilohilo. Nilipomweka kwenye mlingoti aliteleza juu na chini. Nilipomweka kwenye weupe wa tanga alipotea kabisa, kwa kuwa weupe wote unafanana. Mwaka 1994 Jianbo Shi na Carlo Tomasi walionyesha kwa hesabu kipande gani kinafaa kufuatwa, na pembe ni miongoni mwa vilivyo bora: mahali ambapo mwanga unabadilika kwa upande na kwa wima.

Pembe ya kiraka, basi. Mfuatiliaji akaing'ang'ania kama kupe, nami nikakishusha kidirisha chini yake, usawa wa mzee.

Mpaka ngalawa nyingine ilipokatiza mbele. Kiraka kikafichika, mfuatiliaji akarukia ncha ya tanga la mshindani na kidirisha kikaondoka naye.

"Mbona umemfuata huyo?" mzee akauliza, na kweli aliudhika.

Mashine haikumfuata yeyote. Haimjui nahodha wala ngalawa. Ilikuwa inafuata doa. Zipo programu mpya zilizofundishwa kutambua umbo la mtu, lakini yangu si miongoni mwao, kwa hiyo fremu zile nilizitia alama kwa mkono.

Kabla ya kompyuta kazi yote ilikuwa ya mkono. Filamu ya Abraham Zapruder ya kuuawa kwa Rais Kennedy, Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, ina fremu 486, chini ya sekunde 27. Robert Groden aliikuza kwa mtambo unaopiga upya picha ya filamu, fremu moja baada ya nyingine, akilirudisha gari la rais katikati kila mara. Wamarekani waliiona kwenye televisheni ya taifa Machi 1975.

Mimi sikutaka katikati. Ngalawa ikibanwa pale kwa msumari, inaonekana imesimama na bahari ndiyo inakimbia, mtazamaji akachafukwa tumbo. Niliacha nafasi mbele ya omo, nikakiruhusu kidirisha kichelewe kidogo nyuma ya mwendo.

Magharibi nikamwonyesha. Kiraka kilionekana vizuri, hata pembe zake. Mkono ulikuwa ukungu wa kahawia: pikseli chache, tena uliposogea ulijipaka kwenye picha kabla fremu haijafungwa. Nikaanza kuomba radhi. Mzee hakunisikiliza. Aliweka kidole juu ya ukungu ule.

"Hapa nalegeza," akasema. "Upepo ulikuwa umegeuka."