Wakili kando ya kitanda cha majeruhi

Februari 1974, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, wakili Albert Ohralik alisikia akiwa posta kwamba binti wa miaka 18 ameumia katika ajali ya gari. Hakuna aliyemwita. Alipitia kwanza kwa wazazi wa binti huyo, kisha akaenda hospitali na kumkuta kitandani, bado amefungwa vifaa vya kuvuta mifupa. Akamtaka atie saini. Binti akasema angependa kuzungumza na wazazi kwanza. Siku mbili baadaye wakili alirudi wodini na kuondoka na saini: theluthi ya fidia itakuwa yake. Rafiki wa binti huyo, naye wa miaka 18, aliyekuwa abiria katika gari hilohilo, alifuatwa nyumbani, na wakili alikuwa ameficha kinasa sauti. Mama mtu alipokataa kesho yake, aliambiwa kwamba mwanawe amekwisha kukubali na mkataba umefungwa.

Kesi hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1978 ikakubali wakili aadhibiwe. Hoja ya majaji ndiyo inayonigusa zaidi: si lazima kuthibitisha kwamba majeruhi amepata hasara. Hatari imo katika mazingira yenyewe. Mtu mzoefu wa maneno anazungumza ana kwa ana na mtu mwenye maumivu, anataka jibu papo hapo, na hakuna shahidi wa kueleza baadaye kilichosemwa.

Kuna wanaodhani ubaya ni wakili kutafuta kazi. Sikubaliani nao. Majeruhi maskini asiyejua haki yake anamhitaji wakili kuliko mtu yeyote, na malipo yanayotegemea ushindi humwezesha kushtaki bila kuwa na akiba. Lakini malipo hayohayo ndiyo yanayofanya jeraha kubwa liwe na thamani kubwa kwa anayewahi kulifikia. Kilichokosekana Ohio ni nafasi ya kufikiri.

Florida, jimbo jingine la Marekani, ilijaribu kuirudisha nafasi hiyo kwa kuwakataza mawakili kuwaandikia majeruhi au jamaa za marehemu kutafuta kazi hadi siku 30 zipite. Mwaka 1995 Mahakama Kuu iliiafiki kanuni hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Anthony Kennedy alipinga, na sehemu moja ya pingamizi lake ni nzito: katika siku hizo 30 upande wa pili haujafungwa mikono. Mtu wa bima anaweza kufika mapema na fomu ya kumaliza madai kwa fedha kidogo, kabla hata daktari hajajua kama mguu utapona. Naamini muda wa kutulia ni kinga ya kweli pale tu unapowabana wote wawili, wakili na bima.

Kenya imechukua njia kali zaidi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inakataza kutafuta wateja kupitia madalali na kugawana ada na mtu asiye wakili. Haitambui pia makubaliano ya wakili kulipwa iwapo tu kesi itashinda. Kwa hiyo anayekuja wodini na karatasi ya asilimia, akisema ametumwa na ofisi fulani, ana mambo mengi ya kujibu. Jamaa wamuulize nani amempa jina la mgonjwa, kwa maana taarifa hiyo huenda imetoka hospitalini au polisi. Jina la wakili litafutwe katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, kuona kama ana cheti cha uwakili cha mwaka huu. Karatasi iachwe mezani isomwe na mtu asiye na maumivu. Na ikiwa saini imekwisha kutolewa, mteja bado anaweza kubadilisha wakili. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.