Viungo vya pilau: Harufu huishia ndani ya pakiti

VIUNGO vya pilau vilivyosagwa tayari vimezoeleka katika majiko mengi ya mijini, lakini malalamiko ni yale yale: chakula hakinukii, hata kijiko cha pili kikiongezwa.

Sababu ni kwamba harufu ya viungo hutokana na mafuta mepesi yaliyomo ndani ya mbegu, magome au maua. Kiungo kikishasagwa, mafuta hayo huanza kupotea hewani, na joto, mwanga na unyevu huharakisha upotevu huo. Pakiti iliyokaa miezi kadhaa juani dukani ni hasara, hata ikiuzwa kwa bei rahisi.

Nafuu ni kununua viungo vizima, kidogo kidogo: bizari nyembamba, pilipili manga, hiliki, mdalasini na karafuu. Bizari ndiyo iwe nyingi kuliko vyote. Karafuu, zao linalotoka kwa wingi Pemba, ina nguvu mno. Chembe nne au tano hutosha kilo moja ya mchele, na zikizidi chakula huwa kichungu.

Kabla ya kusagwa, vikaangwe bila mafuta kwa moto mdogo hadi vianze kunukia. Vikiungua vitupwe, kwani uchungu wake hauondoki.

Mchanganyiko huo si wa pilau pekee. Kijiko kimoja cha chai kikikaangwa pamoja na vitunguu, kabla ya nyanya, huchangamsha maharage, njegere na hata mchicha. Unaobaki uhifadhiwe katika chupa yenye kifuniko, mbali na jiko.