UTAFUTAJI NA UTUNZAJI WA UJUMBE WA SIMU: UFAFANUZI KWA WATUMISHI NA WANANCHI WANAOPITIA HOROHORO

Wananchi wa Visiwani wanaovuka kwa chombo hadi Tanga na kuendelea kwa barabara kwenda Mombasa hupita katika kituo cha mpaka cha Horohoro, Wilaya ya Mkinga, kinachotazamana na Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, nchini Kenya. Barabara ya lami ya kilomita 65 kutoka mjini Tanga imeirahisisha sana safari hiyo. Pamoja na hati ya kusafiria na vyeti vya mizigo, msafiri wa siku hizi huchukua waraka mwingine ambao hauonekani mpaka siku unapotakiwa: ujumbe mfupi wa maneno uliomo katika simu yake.

Ujumbe huo ndio stakabadhi ya fedha alizotuma na alizopokea. Ndani yake mna namba ya malipo ya Serikali, taarifa ya benki, wito wa hospitali na makubaliano ya bei baina ya muuzaji na mnunuzi. Anayeufuta kwa haraka, au asiyeweza kuuona unapohitajika, hujikuta amelipa lakini hana cha kuonyesha. Ufafanuzi ufuatao umekusudiwa kuwasaidia watumishi wa Serikali na wananchi kuutafuta ujumbe huo, kuupanga na kuutunza.

Asili ya ujumbe na mahali unapokaa

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba, 1992. Ulikuwa salamu za Krismasi ambazo mhandisi Neil Papworth alizituma kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Kipimo chake, ambacho kinatumika hadi leo, ni herufi na alama 160 kwa ujumbe mmoja. Ujumbe unaozidi hapo hugawanywa vipande na kuunganishwa tena katika simu ya mpokeaji. Kwa sababu hiyo, pahala penye mtandao dhaifu, kipande kimoja huweza kuchelewa na maneno yakasomeka nusu.

Simu inapokuwa imezimwa au iko nje ya mtandao, kama inavyotokea chombo kikiwa katikati ya bahari, ujumbe husubiri katika mitambo ya kampuni na kuingia simu inapopata mtandao. Saa inayoonekana pembeni mwa ujumbe basi yaweza kuwa saa ya kuingia, wala si saa ya malipo. Panapotokea ubishi wa muda, isomwe tarehe na saa iliyoandikwa ndani ya maneno ya ujumbe wenyewe.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba katika simujanja ujumbe hukaa ndani ya simu, na haukai katika laini. Mwananchi aliyepoteza simu akapewa laini mpya yenye namba ile ile atarudishiwa namba yake, lakini ujumbe wake wa zamani hautarudi pamoja nayo.

Namna ya kuutafuta

Watumiaji wengi huutafuta ujumbe kwa kupandisha na kushusha orodha kwa kidole mpaka wachoke. Njia hiyo haifai kwa mtu mwenye ujumbe wa miaka mitatu. Karani wa masjala hafunui majalada yote ili kupata barua moja. Huangalia namba ya kumbukumbu. Simujanja nayo ina masjala yake, na namba za kumbukumbu zimo ndani ya maneno ya ujumbe.

Katika simu nyingi za Android, mtumiaji afungue sehemu ya ujumbe na kugusa alama ya kioo cha kukuzia iliyo juu, kisha aandike neno analolitafuta. Katika iPhone, nafasi ya kutafutia imo katika orodha yenyewe ya ujumbe. Simu hutafuta herufi na tarakimu kama zilivyoandikwa, na kwa hiyo uchaguzi wa neno ndio wenye kuleta mafanikio. Yafuatayo yazingatiwe:

(a) Namba ya muamala, ambayo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu, ndiyo kumbukumbu iliyo bora, kwa kuwa haifanani na nyingine. Yatosha kuandika herufi zake chache za mwanzo.

(b) Kiasi cha fedha kiandikwe kwa namna ambayo kampuni hukiandika. Ikiwa ujumbe unasema 45,000 na mtumiaji akaandika 45000 bila mkato, simu yaweza kujibu kwamba hakuna kilichopatikana, ilhali ujumbe upo.

(c) Jina la aliyelipwa litafutwe kama lilivyosajiliwa katika laini yake. Mtu anayefahamika mtaani kwa jina la utani hatapatikana kwa jina hilo.

(d) Malipo ya Serikali ya Tanzania hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Katika mfumo wa malipo ya kielektroniki unaotumika tangu mwaka 2017, namba hiyo huwa na tarakimu 12 na huanza na 99. Mtumiaji akiandika 99 pamoja na tarakimu mbili tatu zinazofuata, ujumbe wake utapatikana.

(e) Ujumbe wa upande wa Kenya mara nyingi huja kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili kama "umepokea" halitaupata; utafutwe kwa namba ya muamala, kwa kiasi au kwa jina.

Endapo ujumbe hauonekani kabisa, isidhaniwe haraka kwamba haukuja. Simu nyingi hutenga ujumbe zinaoushuku na kuuweka katika sehemu ya taka na namba zilizozuiwa. Nyingine hutenga ujumbe wa watu wasiojulikana. Ipo pia sehemu ya kumbukumbu, yaani ujumbe ulioondolewa katika orodha kuu bila kufutwa. Sehemu hizo zote hufunguliwa kutoka katika orodha ya chaguo za programu ya ujumbe, nazo zikaguliwe kabla ya kumlaumu aliyetuma.

Mambo yanayohusu mpaka wa Horohoro

Wakazi wengi wa mpakani na wafanyabiashara wanaovuka mara kwa mara huwa na laini mbili, moja ya Tanzania na moja ya Kenya, katika simu moja. Ujumbe wa laini zote mbili huingia katika orodha moja, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Kwanza, huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Nchi mbili zina huduma yenye jina moja, lakini kampuni zinazoiendesha na fedha zinazotumika ni tofauti. Mwenye kutafuta kwa jina la huduma tu ataletewa ya huku na ya kule kwa pamoja. Iangaliwe alama ya fedha, Tsh au Ksh, na alama ya laini ambayo simu huionyesha pembeni mwa ujumbe au katika maelezo yake.

Pili, namba nyingi za simu za mkononi za Tanzania na za Kenya huanza na 07. Namba ya Tanzania iliyohifadhiwa kwa 07 ikitumiwa ujumbe kutoka katika laini ya Kenya, ujumbe huo waweza kumfikia Mkenya asiyehusika, naye akasoma siri za watu. Dawa yake ni kuhifadhi kila namba kwa alama ya kujumlisha na namba ya nchi: +255 kwa Tanzania na +254 kwa Kenya, na kuiondoa sifuri ya mwanzo. Aidha, kabla ya kutuma, mtumiaji ahakikishe ni laini ipi iliyochaguliwa.

Chukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa machungwa ya Muheza anayemuuzia mnunuzi wa Mombasa. Malipo ya awali huja katika laini ya Kenya. Ushuru na ada hulipwa kwa laini ya Tanzania. Bei ya mwisho imekubaliwa kwa ujumbe wa kawaida. Ikitokea mnunuzi kudai kwamba alikwisha kulipa yote, ushahidi umo katika ujumbe wa aina tatu uliotawanyika miongoni mwa mamia ya matangazo na salamu. Mwenye kuupata kwa dakika mbili hulinda haki yake. Asiyeupata hutegemea huruma ya mwenziwe, na machungwa hayangoji.

Kupanga na kutunza

Ujumbe wote haulingani kwa thamani. Kama masjala ilivyo na majalada ya kudumu na karatasi za kuteketezwa, mtumiaji naye anashauriwa kuutenga ujumbe wake katika mafungu matatu. La kwanza ni wa kutunzwa: stakabadhi za malipo, mikataba, taarifa za benki, za mirathi, za ardhi na za matibabu. La pili ni wa muda: miadi, safari, na namba za malipo ambazo bado hazijalipwa. La tatu ni wa kufutwa: matangazo ya biashara, na namba za uthibitisho zinazotumika mara moja tu.

Ujumbe wa kutunzwa unaweza kubandikwa juu ya orodha katika simu zenye uwezo huo, au kupigwa picha ya kioo na kuhifadhiwa katika faili lenye jina na tarehe. Hata hivyo, picha hiyo haitoshi peke yake. Picha huweza kughushiwa, na kila mwenye kuipokea ana haki ya kuitilia shaka. Ujumbe wa asili usifutwe mpaka shauri liishe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na katika kuzipima huangaliwa namna zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa na anavyotambuliwa aliyezituma.

Mipangilio ya simu nayo ikaguliwe. Baadhi ya simu huweza kupangwa zifute zenyewe ujumbe wa zamani baada ya muda fulani au idadi fulani kutimia. Katika iPhone, muda wa kuhifadhi waweza kuwa siku 30, mwaka mmoja au daima. Mwenye kutaka kutunza stakabadhi achague daima. Ujumbe uliofutwa kwa bahati mbaya katika iPhone zenye programu za tangu mwaka 2022 hubaki kwa siku 30 katika sehemu ya vilivyofutwa karibuni, na baadhi ya simu nyingine zina pipa la namna hiyo. Baada ya hapo haurudi.

Ili kujikinga na wizi, maji ya chumvi na kuharibika kwa simu, nakala iwekwe katika akaunti ya mtumiaji, ya Google kwa Android au ya Apple kwa iPhone. Huduma hiyo iwashwe mapema. Baada ya simu kupotea hakuna nakala inayoweza kuchukuliwa. Aliyekwisha kupoteza ujumbe wa fedha aende katika kampuni yake ya simu akiwa na kitambulisho na kuomba taarifa ya miamala yake.

Ujumbe wa ulaghai

Kuutunza ujumbe vizuri humsaidia mwananchi kutambua ulio wa uongo. Walaghai hutuma ujumbe unaofanana na stakabadhi, kisha humpigia mtu simu na kumwomba arudishe fedha "zilizokosewa". Salio liangaliwe kwanza katika menyu ya kampuni, na ujumbe huo ulinganishwe na wa zamani kutoka kwa mtumaji yule yule. Mara nyingi ujumbe wa uongo hutoka katika namba ya kawaida ya mtu na hukaa peke yake, haujiungi na mfululizo wa ujumbe wa kampuni. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa.

Nchini Tanzania, ujumbe wa ulaghai hutumwa kama ulivyo kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Tena, kila mwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole anaweza kupiga *106# na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ili asije akabebeshwa makosa ya laini asiyoijua.

Wajibu wa watumishi

Mtumishi anayepokea taarifa za kazi kwa ujumbe wa simu yake binafsi anapaswa kuzifikisha ofisini na kuziingiza katika jalada linalohusika. Taarifa iliyobaki mfukoni mwa mtumishi hupotea siku anapohamishwa au anapobadili simu, na mwananchi huanza shauri lake upya. Hali kadhalika, ujumbe wenye majina, maradhi au madeni ya wananchi usisambazwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazilinda taarifa hizo.

Mwananchi anapoonyesha ujumbe wake katika dirisha la huduma, autafute na kuufungua yeye mwenyewe, na simu ibaki mkononi mwake. Mtumishi anukuu namba ya muamala, tarehe na kiasi, kisha avihakiki katika mfumo wa ofisi. Kwa utaratibu huo mwananchi hupata huduma yake, na ujumbe wake mwingine hubaki kuwa siri yake.

Wasafiri wanakumbushwa kuyafanya haya kabla ya kuondoka nyumbani: kuutafuta ujumbe wa malipo yote ya safari, kuutenga mahali pamoja, na kuhakikisha kwamba nakala imehifadhiwa na kwamba simu ina chaji.