Karanga Juu ya Sakafu

Ua la karanga huchanua juu ya ardhi, lakini tunda hutungwa chini. Ua likinyauka, kikonyo chembamba hurefuka, kikainama na kupenya udongo. Mmea wa namna hiyo haupandwi juu ya sakafu.

Waingereza walijaribu. Mwaka 1947, wakihangaikia mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Dodoma. Walileta matrekta, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa kule ulilainika kwa mvua, kisha kiangazi ukakauka kama tofali. Mchanga wake ulikula makali ya majembe, na wakati wa kuvuna karanga hazikung'oka. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea.

Ugumu wa Kongwa ulikuwa wa asili. Mashamba mengine tunayagandamiza wenyewe. Karibu nusu ya ujazo wa udongo mzuri ni nafasi za hewa na maji, na trekta likipita shamba lingali bichi, zile kubwa ndizo huminywa kwanza. Plau ikilima kina kilekile kila msimu, chini yake hujengeka tabaka gumu. Jembe la mkono nalo hulijenga, tena karibu zaidi na uso. Mzizi wa mhindi ukilifikia hupinda na kutambaa kando. Mvua nayo haizami, hutiririka. Jua likiwaka wiki mbili, majani yanajikunja na mkulima anailaumu mbingu.

Dawa iliyozoeleka ni kulima kwa kina. Ripa ya Magoye, jembe la kupasulia udongo lililobuniwa Zambia, hukokotwa na ng'ombe na kuchana mistari ya kupandia tu. Kazi hiyo yataka udongo mkavu, ili tabaka lipasuke vipande. Ukilowa, chuma hukata mfereji tu. Tatizo ni kwamba kiangazi ndipo ng'ombe wamekonda.

Pasipo na tabaka, ripa haiongezi mavuno, na hata lilipovunjwa, magurudumu ya msimu ujao huweza kulirudisha. Basi kabla ya kulipia trekta, chimba shimo la kufika goti kando ya mhindi uliokomaa, uchomechome ukuta wake kwa kisu kuanzia juu kwenda chini. Kisu kikigoma mahali mizizi ilipopindia, hicho ndicho kina cha kuvunja.