Dawa ya Presha Haikatwi Ghafla



Wenzetu wengi viwandani na mashambani wanatumia atenololi au propranololi kwa ugonjwa wa presha. Dawa hizi huupunguzia moyo mbio, usipige kwa nguvu mno, na presha ikashuka. Lakini presha kwa kawaida haiumi, ndiyo maana mtu akijiona mzima huziacha, au zikimwishia katikati ya mwezi hungoja mshahara. Hapo ndipo penye hatari. Moyo uliozoea kuzuiwa ukiachiliwa ghafla huweza kwenda mbio kupita kwanza na presha ikapanda. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kushikwa na maumivu makali ya kifua, hata akafa. Daktari akitaka uache, atakupunguzia kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

Basi vikibaki vidonge vya juma moja, nenda zahanati. Vyenyewe mara nyingi si ghali. Ghali ni siku ya kazi inayoishia kwenye foleni. Msimamizi akikunyima ruhusa, mwone mjumbe wa chama siku hiyo hiyo. Hilo ni dai letu sote. Ukisahau kidonge, usimeze viwili pamoja kufidia.

Mwenye pumu amwambie daktari mapema, maana dawa hizi zaweza kumbana pumzi. Anayejidunga insulini naye ajue kwamba sukari ikishuka, huenda moyo usimwonye kwa kwenda mbio, aangalie jasho. Siku za mwanzo wengine huona kizunguzungu: mchuma chai aliyeinama ainuke polepole, na wa kiwandani asipande ngazi mpaka kimwishe. Wala usimgawie mwenzio vidonge vyako, hata kama naye ana presha.